Saa ya Upande wa Pili

Mwaka niliorudi nyumbani Tunduma niliitoa betri ya saa ya ukutani pale sebuleni, kwa sababu mlio wake ulikuwa unanizuia kuandika. Kusema kweli hakuna kilichonizuia kuandika isipokuwa mimi mwenyewe. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imetoka. Wenzangu wa Dar es Salaam, tuliokuwa tukikutana Jumamosi kusomeana miswada, walikuwa wameisifu mpaka nikaogopa. Ya pili ilikuwa imekwama ukurasa wa arobaini. Nilihama chumba, nikahama meza, nikahamia jikoni, nikarudi sebuleni. Nilizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo na hakumbuki ni wa mlango gani. Siku moja nikapanda kiti, nikaitoa betri na kuitupa kwenye droo ya vijiko. Mishale ikaganda kwenye saa kumi na dakika ishirini.

Mama aliiona, akapita. Yeye alikuwa na simu yake, na alikuwa na kengele ya shule.

Shule iko nyuma ya ua wetu wa michongoma. Mama amefundisha darasa la kwanza hapo kwa miaka ishirini na sita. Kengele yenyewe ni ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo na hugongwa kwa nondo. Mama akiisikia hunyanyuka hata kama yuko likizo, hata kama anaumwa. Mwili wake uliajiriwa pamoja naye.

Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu alipojiandikisha kusoma shahada ya uzamili mtandaoni, katika ufundishaji wa kusoma na kuandika. Majirani walimcheka waziwazi.

"Mwalimu, unasomea uzamili ili ufundishe a, e, i, o, u?"

"Ndiyo," alijibu. "Bado sijaziweza."

Walidhani anatania. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku moja, tukichambua maharage, aliponiambia kwamba kila mwaka kuna watoto wanaotoka darasani kwake wakiimba silabi bila kuzisoma. Wanaimba ba be bi bo bu vizuri kama kwaya, lakini ukifunika ubao na kuwaonyesha "bo" peke yake, wananyamaza. Nyumbani wanaongea Kinyiha au Kinamwanga, Kiswahili wanakikuta sokoni na shuleni. Darasani wako tisini. Kila mwaka wachache wanampita hivyo, wakiimba. "Wengine sasa ni watu wazima," alisema. "Nakutana nao mjini wananiamkia kwa heshima. Nami najua mwenzangu huyu hajui kusoma, na aliyemwacha hivyo ni mimi."

Kwa hiyo alisoma. Jioni tulisikia sauti za wahadhiri zikitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, na sauti za wanafunzi wenzake, wote walimu wa miaka mingi. Mmoja wa Nanyala alikuwa anakaa karibu na barabara kuu, na kila alipowasha kipaza sauti mabasi yalipita ndani ya darasa. Mwingine wa Mbangala alilazimika kupanda kilimani ili apate mtandao, akawa anajibu maswali huku anahema. Mama hakuwahi kukutana nao ana kwa ana, lakini aliwaombea kwa sauti kila Jumapili, mmoja mmoja, kama ndugu waliosafiri.

Aliandika kwa penseli kwenye daftari kubwa. Mimi nilichapa, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Pendekezo lake la utafiti lilihusu malori. Yeyote aliyefika kwetu anaijua foleni ile, malori yanayongoja kuvuka mpaka, safu kwa safu, mengine yakilala siku kadhaa. Watoto wa mtaani kwetu wanacheza kuyataja. Lori likichungulia tu kule mbali, mtoto wa miaka sita anataja jina lililoandikwa ubavuni, anasoma "hatari" nyuma ya tangi la mafuta, anasoma "mzigo mrefu". Mama alitaka kuchunguza kama mchezo huu unaweza kuwa mlango wa kuwafundishia kusoma. Aliandika hivyo, kwa maneno makavu, ya mwalimu. Mimi nikaona maneno hayo yana kiu. Nikayanywesha. Nikaandika: "Watoto wa Tunduma wanasoma barabara kabla hawajasoma kitabu."

Nilimsomea kwa sauti. Nilikuwa nimesimama, nadhani hata mkono niliunyoosha.

"Ni nzuri," alisema. "Ila sina uhakika kama wanasoma."

"Mama, mtoto anaona herufi anataja neno. Kusoma ni nini kingine?"

"Naona wanalijua lori. Sijui kama wanazijua herufi."

"Jopo la chuo litaipenda. Niamini mimi, hii ndiyo kazi yangu."

Aliniamini. Nilikuwa mtoto wake aliyetoa kitabu. Sentensi ikakaa ukurasa wa tatu, peke yake, kama kiti cha mgeni rasmi.

Tarehe ya kwanza ya kulitetea pendekezo mbele ya jopo ilimkuta kwenye msiba wa kaka yake, kule milimani Ileje. Wakamsogezea mbele, na barua ikasema wazi kwamba mwanafunzi akikosa mara ya pili ataianza upya hatua hiyo mwaka unaofuata. Na ruhusa ya kusoma aliyopewa na mwajiri ilikuwa inaisha mwaka huohuo. Mama aliikunja barua ile na kuiweka ndani ya Biblia. "Nikikosa hii, sirudii tena," alisema. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anavyosema kuni zimeisha.

Utetezi ulipangwa saa tatu kamili asubuhi, na shuleni mama aliomba ruhusa ya siku hiyo. Jioni iliyotangulia, mtandao wa laini yetu ulikuwa unakatika-katika. Tunduma karibu kila mtu ana laini mbili, ya kwetu na ya upande wa pili, na ya upande wa pili mara nyingi ina nguvu zaidi. Nikabadilisha simu yangu ishike ya Zambia, nikajipongeza kwa kuwa mtu wa mipango.

Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Hakuna asiyejua hilo mjini kwetu. Wanaobadilisha fedha wanajua, wapakiaji wanajua, mtoto akitumwa dukani ng'ambo anaambiwa rudi saa kumi ya kwetu, siyo ya kwao. Mimi nililijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Na usiku ule simu yangu, bila kuniuliza, ilivuka mpaka ikarudi nyuma saa moja, nami nikaamka na kuitazama usoni na kuiamini.

Mama alikuwa amezima simu yake, maana wazazi wa wanafunzi humpigia tangu alfajiri: huyu mtoto ana homa, yule hana sare. "Leo wewe ndiye saa yangu," aliniambia. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa haitunzi saa tena, kila ikiwashwa nilikuwa naipangia kwa kutazama simu. Asubuhi ile nikaipangia. Vyote viwili vikakubaliana, na ukutani palikuwa na saa kumi na dakika ishirini.

Kengele ya asubuhi hatukuisikia, ilimezwa na honi za malori. Mama alivaa gauni lake la Pasaka. Alikunywa chai taratibu. Alirudia wasilisho lake mara mbili, akiniangalia mimi kama jopo, na mimi nikamsahihisha alipoisoma sentensi yangu haraka mno. "Ipumzishe," nilimwambia. "Iache isikike." Tukasali. Ilipofika saa tatu kasoro dakika moja nikashika kipanya kufungua kiungo.

Kengele ikalia nyuma ya ua. Ikafuatiwa na kelele za watoto wakitoka madarasani kama maji yaliyozibuliwa.

Mama akanyanyuka. Nilidhani ni mazoea yake tu. Lakini hakukaa tena. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza, na uso wake ukabadilika polepole.

"Hiyo ni ya mapumziko," alisema.

"Bado, mama, ni saa tatu."

"Mapumziko ni saa nne. Miaka ishirini na sita ni saa nne." Akaitazama simu yangu mezani. "Umeweka laini gani?"

Niliona jibu langu linafika usoni kwake kabla sijafungua mdomo.

Kiungo kilisema mkutano umekwisha.

Alipowasha simu yake, ujumbe ulimiminika. Wa mratibu wa kozi: jopo linakusubiri. Tena: Mwalimu, uko wapi? Tena: jopo limeahirisha, tafadhali andika maelezo. Mama akampigia mratibu akiwa amesimama wima, kama anaongea na mkaguzi, akasema "ndiyo" mara nyingi. Jopo lingerudi saa nane mchana kumsikiliza mwanafunzi mwingine. Aandike barua ya maelezo, wao wataamua kama watampokea baada ya huyo au la. Hakuna ahadi.

Aliandika barua kwa mkono, mistari minne. Nilipojitolea kuichapa aliniangalia tu, akaipiga picha mwenyewe na kuituma.

Kisha akauliza, "Betri ya saa iko wapi?"

"Kwenye droo ya vijiko."

"Uliitoa ya nini?"

"Ilikuwa inanisumbua. Inagonga."

"Inagonga," alisema. "Mimi nina watoto tisini wanaogonga."

Hayo ndiyo maneno makali pekee aliyonipa siku ile, na mpaka leo nayasikia nikiwa peke yangu.

Saa nne na nusu mama mdogo aliingia akiwa na mfuko wa dagaa. Ni mdogo wake mama, ameolewa Nakonde, ng'ambo tu, na huvuka kila wiki. "Mulishani humu ndani!" alitusalimia kwa sauti, kwa lugha ya ng'ambo, kisha akaona gauni la Pasaka siku ya Jumatano. "Nani kafa?"

Nilimweleza. Alijitahidi kujizuia, midomo ikamtetemeka, ikashindikana.

"Dada! Kwetu ndio kwanza saa tatu na nusu. Vuka haraka, umechelewa nusu saa tu!"

Mama alimtazama. Nilingoja alie. Alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka kama kikohozi, akajifuta macho kwa upande wa mkono. "Na huyu," mama mdogo akanigeukia, "aliyezaliwa hapa, akakulia hapa, akaenda Dar kuandika vitabu, anadanganywa na saa ya Zambia kama mtalii. Shangazi zako wasisikie." Alituachia dagaa na aibu yangu, akaenda sokoni.

Saa tatu zilizofuata sitaki kuzikumbuka, na ndizo ninazozikumbuka zaidi. Mama alifua nguo zilizokuwa safi. Alifagia uwanja, akaufagia tena kinyume. Kila simu ilipolia alikausha mikono kwenye gauni. Mimi nilirudisha betri ukutani, nikapanga saa kwa simu yake yeye, na mlio ukaanza kuzijaza nafasi zote nilizokuwa nimeziacha tupu. Kila pigo la sekunde lilinipata. Ujumbe mmoja ulitoka kwa mwalimu wa Nanyala: "Mwalimu mwenzangu, wa saa nane ni mimi. Nitasema kwa kifupi ili ubakiwe na muda." Mama aliusoma mara tatu.

Mchana, darasa la kwanza lilipotoka, alichukua daftari na penseli akaenda barabarani. Nilimfuata kwa nyuma, kama mtu anayefuata jeneza. Foleni ilikuwa imesimama, injini zimezimwa, madereva wanapika chai kando ya matairi. Kulikuwa na kundi la wanafunzi wake wakicheza kuyataja. Msichana mmoja mdogo, soksi moja imeshuka, ndiye aliyekuwa bingwa. Alitaja malori sita kabla wenzake hawajafungua midomo.

"Na lile?" Mama alionyesha tangi la mafuta.

"Hatari!" msichana alipiga kelele.

"Safi sana." Mama akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la Pasaka, akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa zilezile, pana, HATARI. "Na hapa?"

Msichana aliinama. Alitazama karatasi, akamtazama mama, akatazama karatasi tena. Alikuwa anataka kumfurahisha.

"Hii sijui."

"Ifananishe na ile kule."

Akafananisha. Kichwa kikaenda na kurudi. "Hapana, mwalimu," akasema kwa huruma, kama anayemwelewesha mtu mzima jambo rahisi. "Hii haina matairi."

Dereva aliyekuwa anasikiliza alicheka mpaka akamwaga chai. "Mama, hata mimi bila matairi sisomi!"

Mama hakucheka. Aliandika jambo kwenye daftari, akauliza watoto wengine watano. Mmoja tu ndiye aliyelitambua neno, tena baada ya kulipitia kwa kidole silabi kwa silabi. Mama akainuka na vumbi lake magotini. Hakunitazama. Nilijua ukurasa wa tatu unaanguka, na nilijua alikuwa amelijua hilo siku nyingi, nami nilimziba mdomo kwa uzuri wa maneno.

Saa nane na dakika arobaini ujumbe uliingia: unaweza kujiunga sasa. Nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya kompyuta, nimeshika simu juu ili mtandao usikatike, hivyo sikuwaona wanajopo. Nilimwona mama tu, na mwanga wa skrini kwenye miwani yake.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. "Mwalimu, tumesoma barua yako. Hili la saa ya Zambia ni geni kwetu. Hebu tueleze."

Angeweza kunitaja. Nilikuwa hapo, mita moja.

"Nilipewa saa, nikaitazama, nikaiamini, sikuuliza imetoka wapi," alisema. "Ni kosa langu. Na kwenye pendekezo langu kuna sentensi iliyo kama saa hiyo. Ukurasa wa tatu. Inasema watoto wa Tunduma wanasoma barabara kabla hawajasoma kitabu. Ni nzuri kuisikia, lakini siyo kweli. Naomba kuitoa."

Simu niliyoishika juu niliihamishia mkono wa pili.

Sauti ya mwanamume ikauliza, "Mwalimu, ukiitoa hiyo, utafiti wako unabaki na nini? Maana wote umeegemea hapo."

Mama aliinua daftari mbele ya kamera. "Unabaki na hiki. Neno hili mtoto analijua likiwa nyuma ya tangi. Leo mchana nimelileta kwenye karatasi, amelikataa. Anasema halina matairi. Nimewapima sita, mmoja ndiye aliyelisoma. Nilidhani malori yamefungua mlango. Kumbe mtoto yuko nje bado, ameshika kitasa. Nataka kujua kutoka kwenye lori mpaka kwenye karatasi kuna hatua ngapi, na mwalimu mwenye watoto tisini anamvusha vipi mmoja mmoja. Hilo ndilo swali langu, nililijua tangu mwanzo. Niliogopa kuliuliza kwa sababu halipendezi."

Walimtoa mkutanoni ili washauriane. Skrini ikaonyesha maneno ya kungojea. Mama aliketi mikono mapajani, mimi sakafuni, na saa ikagonga, ikagonga. Sijui ilikuwa muda gani. Ningeweza kuitazama, sikuthubutu.

Waliporudi, mwenyekiti alisema pendekezo limekubaliwa, kwa masahihisho makubwa. Aandike upya sura ya kwanza yote. Kuchelewa kwake kutaandikwa kwenye jalada. "Na Mwalimu," aliongeza, "hilo la matairi, liandike kama alivyosema mtoto. Usilipambe."

"Sitalipamba," mama alisema, na safari hii alinitazama.

Skrini ilipozima nilimwomba msamaha. Nilianza na laini, nikaja betri, nikafika kwenye sentensi na kukwama. Alinisikiliza huku anavua miwani.

"Sentensi yako ilikuwa nzuri," alisema. "Itie kwenye kitabu chako."

Niliijaribu ukurasa wa arobaini na moja. Ikakataa kukaa.

Wiki iliyofuata alipanda kiti mwenyewe, akaitungua saa ya ukutani, akaipeleka darasani. Anaitumia kupima: mtoto mmoja, karatasi moja, dakika moja, na yeye na penseli yake. Pale ukutani pamebaki duara jeupe. Nyumba ina kimya chote nilichokuwa nakitaka, na mimi bado natembea. Nikiandika kidogo nasimama, naenda dirishani, nasikiliza kama kengele italia.

Jana alirudi, akaweka mkoba juu ya meza, akaniambia kabla hajakaa kwamba yule msichana mwenye soksi moja amelisoma neno kwenye karatasi. Ha. Ta. Ri. Kidole kikitembea, sekunde kumi na nne. Kisha, mama alisema, aliigeuza karatasi akatazama nyuma yake, kuona kama lori lipo.